Nilisema ukweli mbele ya wenzetu, sasa rafiki yangu amebaki kunisalimia tu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, mzaliwa wa Meru nchini Kenya. Shule ya upili nilisomea Nairobi, na sasa niko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Tumepanga Sinza wasichana wanne kwenye vyumba viwili. Mimi nalala na rafiki yangu kutoka Wete, Pemba. Chumba cha pili wanalala Mngoni wa Songea na Mhehe wa Iringa.

Rafiki yangu huyu ndiye aliyenipokea. Nilipofika sikujua hata daladala za kupanda, naye alinisindikiza mpaka nikazoea. Nilipougua malaria alinipeleka zahanati, akanipikia uji, na usiku alikuwa akiamka kunigusa paji la uso aone kama homa imeshuka. Mama yake akituma halua kutoka Wete, fungu langu huwekwa kando kabla ya mtu mwingine kuonja. Nayaeleza haya ili ujue kuwa silalamikii mtu baki.

Muhula huu tuliwekwa kundi moja la watu watano kwa kazi ya utafiti, nami nikachaguliwa kiongozi. Tuligawana sehemu, na rafiki yangu akachukua mapitio ya maandiko. Tarehe tuliyopatana ikapita, hakuleta. Nikamwuliza, akanijibu, "Nitaleta, inshallah." Akasafiri kwenda Pemba, akarudi. Tukaweka tarehe ya pili, nayo ikapita, akasafiri tena. Siku mbili kabla ya kukusanya kazi niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, nikamtaja kwa jina: "Sehemu yako haipo. Tumekungoja mara mbili. Tukipoteza alama itakuwa kwa sababu yako. Sema kama unafanya au hufanyi."

Sikumtukana, Shangazi. Nilisema lililokuwa kweli. Kwetu mambo husemwa hivyo: mnabishana, mnafika mwisho, mnakula pamoja.

Alijibu, "Sawa dada. Samahani." Basi. Usiku ule niliiandika sehemu yake mwenyewe, tukakusanya.

Tangu siku hiyo Mpemba amebadilika. Asubuhi ananisalimia salamu kamili, ananiuliza nimeamkaje, kisha anageukia shughuli zake. Hali chakula nami tena. Nikimwuliza kama kuna tatizo anasema, "Hamna neno." Wiki iliyopita ililetwa halua. Nilikuta fungu langu juu ya meza, limefunikwa, bila maelezo. Sikulila. Juzi Mpemba akaingia chumbani amejitanda kanga iliyoandikwa "Nilijua mtasema". Mhehe alicheka, akaniambia, "Hiyo ni yako." Ni kweli, Shangazi? Mtu mzima anazungumza na mwenzake kwa nguo? Mimi naona huo ni unafiki, kusema hamna neno mdomoni na maneno umeyavaa mabegani.

Kinachonichanganya zaidi ni Mngoni na Mhehe. Hao wanatukanana tangu asubuhi mpaka usiku, maneno ambayo kwetu yangeleta ngumi, nao wanacheka. Nilipowaona nikadhani hapa watu husemezana wazi. Kumbe wao wakisema ni mzaha, nikisema mimi ni utovu wa adabu. Mngoni ameniambia, "Ninyi Wakenya mnaongea kama mnagombana." Iliniuma. Kenya watu hutuambia sisi Wameru tuna hasira za karibu. Nimelikimbia jina hilo maisha yangu yote, nikalikuta linanisubiri huku.

Sasa mama mwenye nyumba amesikia. Anataka Jumapili tukae mbele yake, nimwombe mwenzangu radhi, yaishe. Mimi naona huko ni kufunika tu. Niombe radhi kwa kusema kweli? Halafu Ijumaa inayofuata kila mmoja wetu anamrudishia mhadhiri fomu ya kuwapa wenzake alama kwa mchango wao. Nikiandika ukweli, Mpemba anaanguka. Nikiandika uongo, nawadhulumu wenzangu na mimi mwenyewe. Mhehe anasema nimpe alama za urafiki. Sipati usingizi. Nifanyeje?

Mwenye Moyo Mzito, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimependa kwamba ulianza kwa wema aliokutendea mwenzako kabla ya kueleza kosa lake. Aliyejaa chuki haandiki hivyo.

Nilivyokuelewa, umebeba mambo mawili kwa pamoja. Moja ni kazi ambayo rafiki yako hakuifanya, ukaifanya wewe. Hilo ni deni, na hakuna mila, ya Pemba wala ya Meru, inayolifuta. La pili ni mahali uliposemea na namna ulivyosema, pamoja na ukimya uliofuata. Wanaokushauri hapo nyumbani wanayachanganya. Mama mwenye nyumba anataka la pili liishe hata kama la kwanza litazikwa. Mhehe anataka ulipie la pili kwa alama za la kwanza. Na wewe unaogopa kwamba ukiomba radhi kwa la pili utakuwa umekana la kwanza. Nadhani usingizi unapotelea hapo, na utapumua kidogo ukiyatenganisha kila mara yanapokujia kichwani.

Nianze na ule ujumbe wa WhatsApp, maana mimi ni mtoto wa pwani na nilipoufikia nilisimama kidogo.

Wengi husema watu wa pwani hawasemi, wanaficha. Sikubaliani. Pwani tuna msuto. Mwanamke akithibitika kuwa amemzulia mwenzake, wanawake hukusanyika, wakamwendea mpaka mlangoni kwake, wakamwambia mbele ya mashahidi neno kwa neno alilolisema, wakati mwingine kwa ngoma na nyimbo. Aliyesutwa hubaki na doa hilo miaka mingi. Kwa hiyo rafiki yako anajua kabisa kusema wazi ni nini. Ila huenda alivyolelewa, kutajwa kwa jina na kosa lako mbele ya watu ni hatua ya mwisho. Kabla yake mtu hunong'onezwa, hufumbiwa, hutumiwa mjumbe. Asiposikia hapo kote, ndipo husutwa. Wewe ulikuwa kiongozi wa kundi unayeikimbiza tarehe, ukatoa taarifa ya kazi. Yeye, nadhani, alijiona anasutwa, tena na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akiamka usiku kumwangalia homa. Maneno ni yaleyale, na kila mmoja aliyasikia kwa uzito wake.

Kuhusu Mngoni na Mhehe, ulichokiona ni utani, na hujakosea kushangaa. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, na uhasama ule baadaye ukageuka ruhusa ya kutaniana ambayo vizazi vinairithi. Wanyamwezi na Wazaramo nao ni watani, na wao chanzo chao ni misafara ya biashara iliyokuwa ikishuka pwani. Mtani anaweza kukuchokoza hata msibani na hutakiwi kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ni ya fulani kwa fulani. Wewe na rafiki yako hamjarithishwa. Mgeni anaona matusi na kicheko, haoni makubaliano ya mababu yaliyo chini yake, na hakuna aliyekukalisha akakueleza. Hilo lilikuwa jukumu la wenyeji wako, sikulaumu.

Sasa niruhusu nikuulize jambo, kwa upole. Umeona kwamba tangu mwanzo wa barua unamwita "rafiki yangu", na baada ya ule ujumbe anageuka "Mpemba" mpaka mwisho? Wewe mwenyewe umeumia kuitwa Mkenya anayeongea kama anagombana. Mngoni alichukua tabia yako ya siku moja akaigawia nchi nzima. Nahisi na wewe umeanza kumfanyia mwenzako hivyohivyo.

Sisemi kwamba utamaduni haupo. Upo, na nimetoka kueleza msuto. Stella Ting-Toomey, msomi mzaliwa wa Hong Kong aliyefundisha miaka mingi California, alianza katika miaka ya 1980 kueleza kwamba katika ugomvi kila mtu analinda hadhi: yake mwenyewe, ya mwenzake, au ya wote wawili. Anayelinda zaidi hadhi yake husema moja kwa moja na hutaka haki yake itajwe. Anayelinda ya mwenzake huzunguka, hunyamaza, hutuma mtu. Lakini yeye na John Oetzel walipolinganisha watu wa China, Ujerumani, Japani na Marekani, katika utafiti uliotoka mwaka 2003, waliona kuwa namna mtu anavyojiona mwenyewe, na hadhi anayoijali wakati ule, hueleza mwenendo wake kuliko nchi anayotoka. Watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kutofautiana kuliko ninyi wawili.

Na Kenya ni kubwa, mwanangu. Lamu na Mombasa ni Kenya, na huko ungekuta jamaa wa rafiki yako kwa lugha, kwa dini na kwa namna ya kununa. Nyumbani kwenu Meru kuna Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo limesuluhisha kesi za ardhi na za ukoo tangu kabla ya wakoloni. Wazee wale hawawaachi wenye ugomvi wamalizane peke yao. Mtu wa tatu hukaa katikati. Kwa hiyo wazo la mama mwenye nyumba halina ugeni mkubwa kama linavyoonekana kwako leo.

Turudi kwenye ukimya wake. Umeuita unafiki. Inawezekana. Inawezekana pia amekununia kwa makusudi ili uumie, na hilo likiwa kweli lina makosa yake na sitalipamba. Lakini tazama uliyoyaandika mwenyewe. Anakusalimia kila asubuhi, salamu kamili. Huko alikokulia mtoto hufundishwa mapema kwamba Mwislamu haruhusiwi kumhama mwenzake zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wa wawili ni yule anayeanza salamu. Aliyekata uhusiano hasalimii. Na lile fungu la halua lililofunikwa mezani, wewe ulisoma kwamba hakusema neno. Mimi nilisoma kwamba alikuwekea. Kisha halikuliwa. Jiulize naye alisoma nini alipolikuta vilevile kesho yake.

Sina uhakika na moyo wake, wala wewe huna. Huenda ni adabu tupu, mazoea ya nyumbani kwao yanayojiendesha. Nataka tu uiweke tafsiri hii karibu na ile ya unafiki, uzitazame zote mbili kabla hujachagua moja.

Kanga nayo usiipe kazi kubwa mno. Ni kweli wanawake wa pwani wamesemezana kwa kanga zaidi ya miaka mia, na wapo wanaonunua doti kwa ajili ya jirani mmoja tu. Wapo pia wanaonunua rangi, maneno wakayasoma wakifika nyumbani. Huenda ilikuja kwenye mfuko mmoja na ile halua. Na hata kama alikusudia wewe, kanga inamwachia aliyeivaa na aliyeisoma nafasi ya kujifanya hakuna kilichosemwa, na kesho mkaanza upya. Kicheko cha Mhehe si ushahidi.

Kuna pengo moja katika barua yako. Rafiki yako alisafiri kwenda Pemba mara mbili katika muhula mmoja. Kwa mwanafunzi, nauli ya boti mpaka Pemba na kurudi si fedha ndogo, na mtu haachi kazi yenye alama akasafiri hivihivi. Kulikuwa na nini? Mgonjwa? Msiba? Posa asiyoitaka? Sijaona mahali ulipomwuliza. Ulimwuliza kazi iko wapi. Inawezekana alitegemea uone, kama wewe ulivyotegemea aseme. Hapo kila mmoja alimngoja mwenzake kwa lugha yake.

Tuangalie njia ulizo nazo, na hatari ya kila moja.

Waweza kuzungumza naye wewe mwenyewe, wawili tu. Ndiyo njia iliyo karibu na tabia yako. Hatari ni kwamba ukimkalisha kitandani, ukakaa mkabala naye na kumwambia "tuzungumze", atakujibu "hamna neno" na mlango utafungwa zaidi. Watu wengi wa aina yake huongea mikono ikiwa na kazi: mnamenya viazi, mnafua, mnarudi chuo kwa miguu. Usianze na kwa nini amenuna. Anza na Pemba: "Ulisafiri mara mbili sikukuuliza. Nyumbani wazima?" Kisha nyamaza, hata kama ukimya utakuwa mrefu na utakuchoma. Akiongea, usimkatize kumrudisha kwenye kazi. Kazi itapata zamu yake.

Kuhusu radhi, unaweza kuomba radhi ya mahali bila kuomba radhi ya ukweli. "Nilitakiwa nikuambie chumbani, nikakuambia mbele ya watu. Kwa hilo nisamehe." Huo si uongo. Hujasema kazi aliifanya. Pwani tunaombana radhi kwa maumivu, hata pale ambapo haki bado inajadiliwa, na hakuna anayechukua radhi hiyo kama hukumu ya mahakama. Lakini usiiseme kama huiamini. Ukiwa bado unaona mahali palikuwa sahihi, mwambie hilo siku nyingine, kwa sauti ya chini, na umsikilize anavyojibu.

Waweza kukubali kikao cha Jumapili. Faida yake ni kwamba rafiki yako anaweza kusema mbele ya mtu mzima yale asiyoweza kukuambia usoni, na wewe utapata kusikia. Hatari ninayoiona ni mbili. Mama mwenye nyumba anataka nyumba itulie, na mtu anayetaka utulivu huwahi mno kusema yaishe. Tena ameshatangaza nani aombe radhi kabla hajasikiliza pande zote. Ukipenda njia hii, mwendee mapema peke yako na umwombe kwa heshima: "Mama, nitakuja. Naomba na mwenzangu apewe nafasi ya kueleza yake, na habari ya kazi ya chuo utuachie tuimalize wenyewe." Mama mwenye busara hatakataa. Akikataa, utakuwa umejua unaingia kikao cha namna gani.

Ipo njia ya kumtumia Mngoni. Yuko karibu nanyi, na hata lile neno la Wakenya huenda lilikuwa namna yake mbaya ya kukuonya kwamba mwenzako ameumia. Ila mjumbe hubeba na ya kwake. Ukimtuma, mtume neno moja fupi, lisiloweza kuongezewa.

Kuacha muda upite ni njia pia, wala siidharau. Kuna ugomvi unaoponywa na siku. Lakini wewe husemi kwamba unapona, unasema hulali.

Fomu ndiyo ngumu, na hapa sina jibu moja la kukupa. Ukiandika namba tupu ya chini, inasema nusu ya habari, maana haisemi alikuwa wapi. Ukiandika alama za urafiki, wenzako watatu watajua, na siku ya kazi nyingine neno lako kama kiongozi halitakuwa na uzito. Waweza kuandika kilichotokea bila kuhukumu: sehemu yake ilikuwa hii, haikufika, niliiandika mimi. Waweza kumwendea mhadhiri ofisini kabla ya Ijumaa, kwa ridhaa ya rafiki yako, ili kama kuna msiba au ugonjwa nyumbani kwao, aueleze mwenyewe. Vyuo vina mshauri wa wanafunzi kwa ajili ya mambo kama hayo. Hatari ni kwamba anaweza kukataa ukabaki na ukweli mkononi. Njia yoyote utakayochukua, nakuomba asikie kutoka kwako utakachoandika kabla mhadhiri hajasoma. Akilipata kwa wengine, atakuwa ametajwa mbele ya watu mara ya pili.

Wala sikuambii ugeuke mtu mwingine. Uwazi wako ni mali. Kundi lile lilikusanya kazi kwa wakati kwa sababu palikuwa na mtu wa kusema "haipo". Rafiki yako naye ana sehemu yake ya kubeba: kama alikuwa na shida, alipaswa kutafuta njia ya kuifikisha kwako, na kazi yako ya usiku ule inadai asante. Natumaini siku moja utamwambia hivyo, akasikia bila kujiona anasutwa. Hamjafika hapo bado.

Jumapili inatangulia, fomu inarudishwa Ijumaa. Siku zilizobaki zinatosha kumwuliza kilichompeleka Pemba kabla hujaandika namba mbele ya jina lake.

Shangazi